Julius Nyerere na siasa ya chakula

Julius Kambarage Nyerere (Butiama, 13 Aprili 1922 – London, Uingereza, 14 Oktoba 1999) alikuwa mwalimu, mwanasiasa na rais wa kwanza wa Tanzania. Anajulikana zaidi kwa kuongoza harakati za uhuru wa Tanganyika, kwa muungano na Zanzibar na kwa siasa ya ujamaa. Makala hii inaeleza maisha yake kwa upande wa chakula: alikolelewa, walichokula watu wa kwao katika mkoa wa Mara, alivyofanya kilimo cha chakula kuwa kipimo cha uhuru, na jinsi kipimo hicho kilivyomlemea yeye mwenyewe katika miaka ya 1970.

Asili na utoto

Nyerere alizaliwa Butiama, katika nchi ya Wazanaki, upande wa mashariki wa Ziwa Viktoria. Baba yake, Burito Nyerere, alikuwa mtemi wa Wazanaki tangu mwaka 1915 hadi alipofariki mwaka 1942. Mama yake, Mugaya Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano kati ya wake 22 wa mtemi huyo.

Mtoto aliitwa kwanza Mugendi, lakini jina likabadilishwa mapema kuwa Kambarage, jina la mzimu unaohusishwa na mvua. Kwa Wazanaki jina hilo lilikuwa na uzito. Mvua ikichelewa au ikikatika kabla ya nafaka kukomaa, njaa haikuwa mbali. Katika nchi hiyo, kuomba mvua lilikuwa jambo la jamii nzima.

Kambarage alikulia katika mji wa mama yake ndani ya boma la mtemi. Alichunga mbuzi na kufanya kazi za shamba kama watoto wengine wa rika lake. Kuwa mwana wa mtemi hakukumwondolea jembe mkononi.

Vyakula vya nyumbani

Chakula kikuu cha Wazanaki na majirani zao kilikuwa ugali wa ulezi, wa mtama au wa muhogo, ukiliwa na maziwa, mboga za majani, nyama siku za sherehe, na samaki kwa wale walio karibu na ziwa. Ulezi ulipendwa kwa sababu mbili. Ugali na uji wake una ladha nzito na rangi ya kahawia iliyoiva, na punje zake hukaa ghalani muda mrefu bila kuliwa na wadudu. Familia yenye ulezi ghalani iliweza kuvuka msimu mmoja mbaya.

Mihogo, mahindi na pilipili ni mimea iliyotoka Amerika na kufika Afrika baada ya Wareno kuanza safari zao za baharini. Muhogo ulienea sana kandokando ya ziwa, kuanzia Majita na Musoma hadi Bunda, kwa kuwa huvumilia ukame na unaweza kuachwa ardhini hadi utakapohitajika. Serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwataka wakulima waupande kama akiba ya njaa. Kanda ya ziwa muhogo huliwa pia kama udaga, yaani muhogo uliochachushwa na kukaushwa kabla ya kusagwa. Unga wake una uchachu unaotambulika mara moja, na mara nyingi huchanganywa na wa mtama au ulezi ili ugali ushikamane na upate ladha.

Mapishi ya bara hayakutumia viungo vingi kama ya pwani. Chumvi ilitangulia, na pilipili ilibaki kiungo cha pembeni, cha kuongezwa na anayeipenda, hasa kwa samaki. Huu ndio mlo aliokulia Nyerere: ladha chache na vyakula vilivyochaguliwa kwanza kwa uwezo wao wa kushinda ukame.

Kutoka Musoma hadi Edinburgh

Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, Kambarage alipelekwa Shule ya Mwisenge mjini Musoma, umbali wa kilomita 40 hivi kutoka Butiama. Ilikuwa shule ya bweni. Mwaka 1937 aliendelea na masomo Tabora, katika shule ya serikali ya wavulana. Desemba 1943 alibatizwa katika Kanisa Katoliki huko Nyegina, karibu na Musoma, akachukua jina la Julius.

Baada ya kusoma ualimu katika Chuo cha Makerere, Uganda (1943–1945), alifundisha Shule ya Mtakatifu Maria, Tabora. Huko alikutana na suala la chakula kwa upande wa soko. Kwa muda mfupi alifanya kazi ya serikali ya kukagua bei madukani, lakini aliiacha baada ya kuona kwamba taarifa zake kuhusu bei za udanganyifu hazifanyiwi kazi. Pamoja na wenzake wa Chama cha Waafrika wa Tanganyika (TAA) alishiriki pia katika duka la ushirika lililouza bidhaa za kila siku. Wazo kwamba watu wa kipato kidogo wanaweza kujilinda sokoni kwa kuungana lilibaki naye maisha yote.

Kuanzia mwaka 1949 hadi 1952 alisoma Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, akapata shahada ya uzamili. Aliporudi alijenga nyumba Butiama kwa mikono yake mwenyewe, na tarehe 24 Januari 1953 akafunga ndoa na Maria Gabriel huko Musoma. Baadaye mwaka huohuo alikwenda kufundisha Pugu, karibu na Dar es Salaam, akachaguliwa kuwa rais wa TAA.

Uhuru na mwanzo wenye njaa

Tarehe 7 Julai 1954 TAA iligeuzwa kuwa TANU, chama cha kudai uhuru, na Nyerere akawa rais wake. Mwaka 1955 alikwenda New York kueleza madai ya Watanganyika mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Baada ya safari hiyo aliacha kazi ya ualimu, akarudi kwao kwa muda kabla ya kujitosa moja kwa moja katika siasa.

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, katika mwaka wa ukame uliofuatwa na mafuriko. Watu wengi walihitaji chakula cha msaada, na sehemu yake ilitoka Marekani. Serikali mpya ilitangaza vita dhidi ya maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Njaa haikutajwa peke yake katika orodha hiyo, lakini ilihusiana na wote watatu.

Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu Januari 1962 ili kuimarisha chama, kisha akawa rais wa Jamhuri Desemba mwaka huohuo. Tarehe 26 Aprili 1964 Tanganyika na Zanzibar ziliungana.

Azimio la Arusha na vijiji vya ujamaa

Tarehe 5 Februari 1967 TANU ilitangaza Azimio la Arusha. Azimio lilieleza kwamba nchi maskini haiwezi kujenga maendeleo yake kwa kutegemea fedha za nje, na kwamba msingi wa maendeleo yake ni kilimo. Mkulima alitakiwa kuzalisha chakula cha kumtosha na ziada ya kuuza. Viongozi walikatazwa kuwa na mishahara miwili, hisa katika makampuni au nyumba za kupangisha.

Waraka wa Elimu ya Kujitegemea uliotolewa Machi 1967 ulizitaka shule ziwe na mashamba, na wanafunzi wajifunze kulima pamoja na kusoma. Waraka mwingine wa mwaka huohuo, Ujamaa Vijijini, ulihimiza wakulima kuishi pamoja, kulima pamoja na kugawana mavuno. Katika maandishi hayo Nyerere alisisitiza kwamba watu washawishiwe, wasilazimishwe.

Mei 1972 TANU ilikutana Iringa na kutoa tamko la Siasa ni Kilimo, lililohimiza mbegu bora, samadi, mbolea, zana za kukokotwa na ng'ombe na kilimo cha umwagiliaji. Kwa wakulima wa Mara, ambako ng'ombe ni wengi, jembe la kukokotwa lilikuwa limeshaanza kuzoeleka.

Njaa ya mwaka 1974

Novemba 1973 Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni lazima. Katika miaka iliyofuata mamilioni ya watu walihamishwa, na kufikia mwisho wa mwaka 1976 ilihesabiwa kwamba watu wapatao milioni 13 walikuwa wakiishi katika vijiji vilivyosajiliwa. Mara haikusamehewa. Familia zilitakiwa kuacha miji yao ya zamani na kujenga kandokando ya barabara au katika maeneo yaliyopimwa. Mahali pengi nchini nyumba zilibomolewa ili wenyewe wasirudi, na mashamba yaliyotunzwa miaka mingi yakabaki mbali na wakulima wake.

Kuhama huko kulikutana na ukame wa miaka 1973–1975. Mavuno ya mahindi yalipungua sana. Wakati huohuo bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda baada ya vita vya Mashariki ya Kati vya Oktoba 1973, na bei ya nafaka nayo ilikuwa juu. Serikali ililazimika kununua chakula nje kwa wingi, na akiba ya fedha za kigeni ikakaribia kuisha.

Wataalamu wa uchumi wamebishana kuhusu sababu za njaa hiyo. Wengine huweka mbele ukame. Wengine hutaja uhamishaji wa vijiji, na wengine bei ndogo ambayo mkulima alilipwa na mashirika ya umma kwa miaka kadhaa kabla. Kwa mkulima wa Bunda, kwa mfano, hesabu ilikuwa ya wazi. Ekari ya pamba ilileta fedha, lakini pamba hailiwi, na iwapo unga haupo dukani fedha hizo hazina msaada mkubwa. Aliyetegemea muhogo na mtama alikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kupita mwaka huo kuliko aliyetegemea kununua.

Mijini watu walikula mahindi ya manjano yaliyoagizwa kutoka Marekani. Unga wake uliitwa yanga, kwa rangi ya timu ya mpira ya Dar es Salaam. Wengi waliozoea ugali mweupe wa mahindi, au ule wa kahawia wa ulezi, hawakuipenda ladha yake. Jina hilo limebaki katika kumbukumbu za watu wa rika hilo kama alama ya miaka ya shida.

Kilimo cha kufa na kupona

Serikali ilijibu kwa kampeni iliyoitwa Kilimo cha Kufa na Kupona. Kila kaya ilitakiwa kulima kiasi maalumu cha mazao ya chakula, na halmashauri zilitunga sheria ndogo za kusimamia jambo hilo. Hata wafanyakazi wa mijini walihimizwa kulima viwanja vilivyokuwa wazi. Katika sehemu zenye mvua haba, mtama, uwele na mihogo vilirudishwa kwenye mstari wa mbele baada ya kupitwa na mahindi.

Mwaka 1975 ilifuata kampeni ya redio iliyoitwa Chakula ni Uhai. Watu zaidi ya milioni moja walikutana katika vikundi kusikiliza vipindi, kusoma vijitabu na kujadili kilimo, hifadhi ya nafaka na lishe ya watoto. Kampeni hiyo ilifuata mfano wa Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Mwaka huohuo wa 1973 ilianzishwa pia Taasisi ya Chakula na Lishe, kwa kuwa ilikuwa imeonekana kwamba mtoto anaweza kushiba ugali na bado akakosa lishe ya kutosha.

Jambo lililobadilisha uzalishaji zaidi lilikuwa bei. Serikali ilipandisha kwa kiwango kikubwa bei ya mahindi, na ikaweka bei moja kwa nchi nzima. Wakulima wa Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa, walio mbali na Dar es Salaam lakini wenye mvua ya uhakika, walipata sababu ya kulima mahindi ya kuuza, na mikoa hiyo ikawa ghala la taifa. Gharama ya kusafirisha nafaka hiyo ililiangukia Shirika la Usagishaji la Taifa, ambalo lilizama katika madeni.

Azimio la Musoma

Katikati ya misukosuko hiyo, Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma, mji ambao Nyerere aliujua tangu utotoni. Azimio la Musoma liliharakisha mpango wa elimu ya msingi kwa wote, na likaamua kwamba wanaotaka kuingia chuo kikuu wafanye kazi kwanza baada ya kumaliza sekondari. Shule zilikumbushwa kuwa na mashamba na miradi ya kuzalisha mali. Kwa wanafunzi wengi wa miaka hiyo, shamba la shule la mahindi, mihogo au maharage lilikuwa sehemu ya ratiba ya wiki. Katika shule nyingi mavuno yalisaidia kulisha wanafunzi, lakini kulikuwa pia na malalamiko kwamba kazi za shamba zilikula muda wa masomo.

Miaka ya foleni na kustaafu

Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na mashirika ya umma yakachukua kazi ya kununua mazao. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa, jambo lililogusa sana watu wa Mara waliozoea kuuza na kununua ng'ambo ya pili. Mpaka ulifunguliwa tena mwaka 1983. Vita vya Kagera vya 1978–1979 vilimaliza fedha zilizobaki. Sukari, unga, mafuta ya kupikia na sabuni vikawa vya foleni, na mwaka 1983 serikali iliendesha msako wa waliotuhumiwa kuhujumu uchumi.

Julai 1979 Nyerere alihutubia mkutano wa dunia kuhusu mageuzi ya ardhi na maendeleo vijijini ulioandaliwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) huko Roma. Alitetea wazo kwamba maendeleo ya vijijini ni suala la siasa na mamlaka, si la utaalamu wa kilimo peke yake.

Katika miaka ya 1980 alikiri hadharani kwamba kuvunja vyama vya ushirika na serikali za mitaa lilikuwa kosa. Sheria ya mwaka 1982 ilirudisha vyama hivyo. Tarehe 5 Novemba 1985 aliachia urais, akafuatwa na Ali Hassan Mwinyi. Alibaki mwenyekiti wa Chama cha Mapinduzi hadi mwaka 1990.

Kurudi Butiama

Baada ya kustaafu Nyerere aliishi zaidi Butiama, akilima, kufuga na kusoma. Msafiri anayetoka Mwanza kwenda kwake hupita Bunda, kati ya ziwa na hifadhi ya Serengeti, katika eneo ambalo wakulima hugombana na ukame na vilevile na tembo wanaotoka hifadhini kula mazao. Wageni wengi wa kiserikali na wa kimataifa walipita njia hiyo.

Hakukaa bila kazi. Aliongoza Tume ya Kusini, iliyotoa ripoti yake mwaka 1990, na tangu katikati ya miaka ya 1990 alikuwa msuluhishi wa mgogoro wa Burundi.

Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 kwa saratani ya damu, akazikwa tarehe 23 Oktoba huko Mwitongo, Butiama, karibu na makaburi ya wazazi wake. Makumbusho ya Mwalimu Nyerere yaliyopo hapo yalifunguliwa Julai mwaka huohuo, miezi michache kabla ya kifo chake.

Urithi

Jina la Nyerere limepewa uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, hifadhi ya taifa, bwawa la umeme la Mto Rufiji na barabara nyingi. Huko Butiama, ambayo tangu mwaka 2012 ni wilaya inayojitegemea, limepewa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere. Kati ya hivyo vyote, chuo hicho ndicho kilicho karibu zaidi na kazi aliyoanza nayo akiwa mtoto.

Tathmini ya siasa yake ya chakula bado inagawanya watu. Wanaomtetea hutaja elimu ya lishe, usawa wa bei kati ya mikoa, mashamba ya shule na msimamo kwamba nchi isiyojilisha haijawa huru. Wanaomkosoa hutaja vijiji vya lazima, mashirika yaliyomlipa mkulima kidogo na kwa kuchelewa, na ukweli kwamba nchi iliyotangaza kujitegemea ilijikuta ikila mahindi ya msaada. Pande zote mbili hutumia kipimo alichokiweka yeye mwenyewe: kama mtu wa kijijini ana chakula cha kutosha nyumbani kwake, na kama amekipata bila kumpigia mtu magoti.

Katika vijiji vya Butiama, Musoma na Bunda, mihogo bado inalimwa kama akiba, na ugali wa udaga uliochanganywa na mtama bado unaliwa na dagaa au sato wa ziwani, pilipili ikiwa pembeni kwa anayeitaka.